Kamba ya Kumpimia Yoeli

Arusha, 9 Agosti 1993

Shemeji Ndeshi,

Salamu ziko nyingi, nimeshindwa kuzipanga. Wagawie watoto kwa umri, zitakazobaki mpe mbuzi. Sisi huku tunapumua. Hedwiga wangu anakusalimu kwa Kirombo, natafsiri: anasema lete ndizi.

Nimesikia kwa Anjela anayeleta ndizi sokoni kwamba Anande wetu ameposwa na harusi ni Desemba. Nilifurahi, halafu nikajihesabia umri nikarudi kwenye cherehani. Kama baba mkubwa wa bibi harusi nina kitu kimoja tu cha kutoa, maana mitumba imetumaliza sisi mafundi wa barazani. Siku hizi mtu anavaa koti la marehemu wa Ulaya, anapita hapa, ananipungia mkono. Lakini baba wa bibi harusi hataingia kanisani na koti la marehemu. Yoeli nitamshonea suti mwenyewe. Kitambaa ninacho, cha kijivu, nilikificha tangu enzi za foleni.

Tatizo ni vipimo. Utasema si mbali, panda basi uje umpime mdogo wako. Kutoka hapa hadi Maji ya Chai hata kilomita thelathini hazifiki, na mimi naandika barua kama mtu aliyeko Bulgaria. Sababu unaijua, na anayeijua zaidi ni mumeo. Basi tufanye kama mama yetu alivyokuwa akifanya. Chukua kamba ya katani. Ncha moja iwe shingoni kwa nyuma, nyingine kisiginoni, kata. Kamba ya pili ni ya mkono, kutoka begani hadi kifundo. Mpe Anjela siku ya soko.

Usinipe vya kukisia. Nimeshona kwa kukisia mara moja maishani, na yule bwana mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Ni mimi, fundi asiye na wateja,
Abdiel

*

Maji ya Chai, 17 Agosti 1993

Shemeji Abdiel, shikamoo.

Barua nimeipata kwenye kikapu cha Anjela, inanuka ndizi. Salamu nimegawa. Mbuzi hakubakiwa na kitu.

Baba Anande nimemwambia habari ya suti. Hakukataa. Alisema, "Anipime kwa macho yake, si ndivyo alivyozoea?" Akachukua jembe akaenda.

Hapendi kupimwa. Nimempima Jumapili mchana baada ya ibada, alipokuwa amelala kwenye ngozi nyuma ya nyumba. Najua si vizuri. Mama mkwe alikuwa akisema anayempima mtu aliyelala anamwandalia sanduku. Lakini akiwa macho harusi ingepita kabla hajakubali.

Kamba ni hizo mbili.

Nice, kitindamimba wetu, ameng'oka jino la mbele. Atatimiza miaka sita mwezi wa kumi. Anasema amelihifadhi, utambadilishia na jipya kutoka mjini.

Shemeji yako,
Ndeshi

*

Arusha, 26 Agosti 1993

Shemeji,

Umempima Yoeli au umempima Nice?

Kamba ya mkono haina neno. Mkono huo naujua, ulinipiga mwaka hamsini na saba kwa ajili ya embe. Lakini hii ndefu si yake. Nina daftari langu hapa la vipimo, halijawahi kusema uongo, na ni kitu pekee katika nyumba hii ambacho Hedwiga anakiamini kuliko mimi. Mwaka sabini na nne, suti ya harusi yenu: shingo hadi kisigino inchi sitini. Kamba yako inchi hamsini na nne. Inchi sita zimekwenda wapi? Au Anjela alikata akafungia ndizi?

Najua kilichotokea. Alikuwa amelala amejikunja, nawe ukapima kamba juu ya mkunjo. Si kosa lako, ni kosa la usingizi. Mpime amesimama, tafadhali. Mwambie ni amri ya kaka yake, hapana, usimwambie hivyo, atakaa chini makusudi.

Na hilo la sanduku, achana nalo. Mimi nimepima watu miaka thelathini, waliosimama, na wengi wamekufa vilevile.

Abdiel

*

Maji ya Chai, 8 Septemba 1993

Shemeji, shikamoo.

Nimempima amesimama. Alikuwa mlangoni, nikamwambia nataka kuona kama mlango unatosha kupitisha kabati la Anande. Nilimwomba asimame wima kidogo.

Akasema, "Nimesimama."

Kamba ya kwanza ndiyo hiyo. Nimeirudia mara mbili. Nimeongeza mbili ambazo hukuniomba: yenye fundo jekundu ni ya kifuani, shingo hadi kiuno kwa mbele. Isiyo na fundo ni hiyohiyo lakini kwa mgongoni.

Mlima umefunuka wiki hii, hauna wingu hata moja. Yeye anautazama kwenye ndoo. Anaweka ndoo ya maji uani, anasubiri yatulie, anauangalia Meru humo ndani. Nice naye amejifunza, anakaa pembeni yake, wanatazama ndoo pamoja.

Ndeshi

*

Arusha, 19 Septemba 1993

Shemeji Ndeshi,

Hii barua naiandika nje barazani, nimeugeuzia mgongo mlango wa duka langu mwenyewe. Nitakueleza, ucheke ukitaka.

Kamba ya aliyesimama ni fupi kuliko kamba ya aliyelala. Inchi hamsini na mbili. Ya mgongoni ni ndefu, ya kifuani ni ya kitoto. Nikazitundika zote kwenye msumari, nikazitazama siku tatu. Fundi asipoelewa, hutengeneza. Nikachukua matambara, magunia, fimbo mbili, nikaanza kumjenga mtu kwa kufuata kamba zako. Nilianza na mikono kwa sababu ndiyo niliyoiamini. Kiwiliwili kikafuata kinavyotaka chenyewe. Nilipomsimamisha akainama mbele, akawa anatazama viatu vyangu.

Nikamvika koti la kujaribia nikaenda kununua vifungo. Niliporudi nikakuta mteja wangu, mzee Efraimu wa posta, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Ananung'unika. Amemwamkia yule mzee wangu shikamoo mara mbili na hakujibiwa. Nikamwambia ni magunia, mzee. Akasema, "Hata magunia yanapaswa kuitika."

Baadaye Hedwiga akaja na chakula. Aliweka sufuria chini polepole. Akaniuliza, "Baba mkwe amefika saa ngapi?"

Baba tulimzika mwaka themanini na nne. Alikuwa na miaka sabini na ushee. Yoeli ana arobaini na minne.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya. Nililifungua daftari kutoka mwisho kwenda mwanzo, kutafuta mwili unaolingana na kamba yako ndefu. Sabini na nne, hapana. Sitini na tisa, hapana. Nimeukuta ukurasa wa kwanza kabisa, kazi yangu ya kwanza duniani: Yoeli, kipaimara, 1964. Inchi kwa inchi. Kamba inasema mdogo wangu amerudi kuwa na miaka kumi na tano, ila mikono ameisahau huku mbele.

Huyu mtu wa matambara nimemfunika kanga ya Hedwiga. Haisaidii. Anaonekana kama amejifunika mwenyewe.

Nijibu bila utani, mimi nimeishiwa. Nani amesimama kwenye hizi kamba?

Abdiel

*

Maji ya Chai, 29 Septemba 1993

Shemeji, shikamoo.

Ni yeye.

Alinikataza kukuandikia habari ya mwili wake, ndiyo maana nilikubali haraka ulipotaka vipimo. Nilijua utaisoma kamba hata kama mimi sijasema neno.

Ilianza shingoni, miaka saba iliyopita. Akasema ni kulala vibaya. Halafu kiuno. Sasa shingo haigeuki, akiitwa anageuka mwili mzima kama gari. Zahanati walitupa vidonge vya maumivu, na siku hizi ni vya kuchangia, kwa hiyo anameza siku ya kanisa tu. Majirani hawashangai. Huku bondeni wanaume wa umri wake wako hivyo, wanatembea wakitafuta kitu chini. Tunasema ni jembe.

Sasa nikuambie ninachotaka, maana suti si kitu.

Ndani ya bahasha kuna uzi mwembamba mweupe. Huo ni wa Nice. Nilimsimamisha ukutani, magoti yamegusana, miguu ikakaa mbali. Urefu wa uzi ndio nafasi iliyopo kati ya kifundo na kifundo. Mwaka jana uzi ulikuwa nusu ya huo. Na jino lake nimelifunga kwenye karatasi, amesisitiza.

Mchukue, shemeji. Akae kwako, asome huko, anywe mnachokunywa. Wewe ulipelekwa kwa shangazi juu mlimani una miaka saba kwa sababu baba mkwe aliweza kusomesha mmoja, na wewe ndiye uliyenyooka. Sijui ni shule au ni maji au ni Mungu. Najua tu kwamba ulitoka.

Nilimgusia Baba Anande. Alisema, "Nyumba hii iliwahi kutoa mtoto mmoja akanywe maji ya watu. Alirudi mgeni. Sitoi mwingine."

Akishasema hivyo hairudiwi. Lakini uzi utarefuka.

Ndeshi

*

Arusha, 16 Oktoba 1993

Shemeji Ndeshi,

Nimeupima uzi mweupe kwa futi, halafu nikaurudisha kwenye bahasha haraka kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake.

Kuna daktari wa meno ninayemshonea suruali, mwembamba kiasi kwamba kila suruali ni mtihani. Nilimpelekea jino. Aliliweka kwenye mwanga. Akauliza mtoto ni wa wapi, nikamwambia, akatikisa kichwa kabla sijamaliza. Ni maji, shemeji. Maji yenu yana madini yanayoingia kwenye meno na kwenye mifupa na kukaa humo. Jino hili ni jeupe kwa sababu ni la utoto. "Ya ukubwa," alisema, "yako ndani ya fizi zake sasa hivi. Yale ya mbele yameshapakwa rangi, yanasubiri kutoka." Nilimwuliza na miguu je. Akasema mifupa ya mtoto bado inaandikwa. Akipata maji mengine mapema, kuna nafasi. Mkubwa akishapinda, amepinda.

Akasema pia tupunguze magadi kwenye makande, maana nayo yana madini hayohayo. Nikamwambia maharage bila magadi yanakula kuni za siku nzima, na asiye na kuni ndiye anayetia magadi. Nadhani ni jambo ambalo kitabu chake hakina.

Nikarudi kwenye daftari. Nimelisoma jina kwa jina, kama mtu anayesoma zile sura za Biblia ambazo mchungaji huziruka. Wateja wa kwetu wanaochota mtoni: wakikaribia arobaini, mgongo unarefuka na kifua kinafupika. Kumi na mmoja. Nimewahesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikutaka kuamini mkono wangu. Na wale wenye bati, mfereji wa mvua na tangi, au waliowahi kupelekwa shule za mbali: mchungaji, mwalimu mkuu, yule mwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine ana miaka sabini na miwili, mbele na nyuma yake ni sawasawa kama ubao. Miaka yote hii nilidhani mwenye nacho husimama wima kwa maringo. Na wale wengine nilikuwa nawakatia mgongo mrefu bila kuuliza, nikijisifu kwamba nguo zangu hazipandi nyuma.

Yote yameandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi sikusoma.

Nice nitampokea hata kesho. Kitanda cha mwanangu kiko wazi tangu aende jeshini. Lakini siwezi kumchukua mtoto wa mtu kwa kamba za siri. Nitamwuliza baba yake. Suti inakamilika mwezi ujao, Anjela ataileta. Barua yangu kwa Yoeli itakuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti. Usiisome, au isome, lakini ipige pasi uirudishe.

Abdiel

*

Arusha, 13 Novemba 1993

Yoeli mdogo wangu,

Ukisoma hii ina maana umevaa koti, na kama umevaa koti ina maana limekuenea, kwa hiyo ninaanza nikiwa mbele kwa goli moja.

Usimgombeze Ndeshi. Mimi ndiye niliyedai kamba.

Siku tulipomzika baba, yule mzee wa Kikatiti alikushika mkono akakuuliza, "Na huyu kijana wako anafanya kazi gani mjini?" Kijana wako ni mimi, niliyekutangulia miaka sita. Nilicheka. Wewe hukucheka. Jioni ile ukaniambia nisije tena nikasimama karibu nawe mbele za watu. Nimetii miaka tisa. Nilikuwa nauita utii. Ni woga. Nilikuwa naogopa kusimama pale nikaona ninachokiona sasa kila siku dukani: nilikujenga kwa matambara ili nipate kukata vizuri, na sijapata ujasiri wa kukubomoa. Wateja wanakuamkia. Mimi pia nimeanza kukuamkia, asubuhi ninapofungua. Jana nilikuwekea kiti.

Hatukufanya lolote kustahili, si wewe si mimi. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja wa kuuza, na mimi nilikuwa nimezaliwa kwanza. Basi. Nikala ng'ombe yule, nikanywa maji ya shangazi, nikanyooka. Ungezaliwa kwanza wewe, leo ungekuwa hapa barazani na futi shingoni, na mimi ndiye ningekuwa natazama mlima kwenye ndoo.

Mambo ya mgongo wako daktari amenieleza. Sitakudanganya, haurudi. Lakini miguu ya Nice inaweza kunyooka kama atapata maji mengine kabla mifupa haijakomaa. Ninakuomba mtoto. Sikuombi kwa kuwa nina nyumba nzuri, unajua nyumba yangu, mvua ikinyesha tunalala kwa zamu. Ninakuomba kwa sababu bomba letu halipindi watu.

Sema hapana ukitaka. Lakini iseme kwangu, si kwa Ndeshi.

Kaka yako,
Abdiel

*

Maji ya Chai, 24 Novemba 1993

Kaka Abdiel, shikamoo.

Naandika mwenyewe. Kuinama juu ya karatasi ndiyo kazi pekee ninayokushinda.

Koti limekaa. Ni mara ya kwanza tangu sijui lini nyuma haipandi kama mkia wa jogoo. Nililivaa ndani, mlango umefungwa, Ndeshi akazunguka mara mbili, akatoka nje. Nilimsikia akilia bandani kwa mbuzi. Nikaweka mkono mfukoni nikakuta barua yako. Sikukasirika. Nilijua kuna kitu, koti lilikuwa linaning'inia upande mmoja, na wewe hushoni hivyo.

Huyo mtu wa matambara mbomoe. Unayapa matambara kiti, mimi niko huku nimesimama. Mbomoe leo.

Nilisema hapana, nikalala na hapana yangu wiki nzima. Jumatatu nilimwita Nice aje tuangalie mlima. Alikimbia kuja. Kaka, mimi sioni watu wakija, naona miguu yao tu, ndiyo ninayowatambulia. Nikaona miguu inakuja. Nikajua ni ya nani kabla hajafika, na sikuitambua kwa viatu, hana viatu. Niliitambua kwa sababu ni ya mama yetu alipokuwa mzee.

Basi. Harusi ni tarehe nne. Njoo siku moja kabla, usilete utani mwingi. Kanisani utasimama kushoto kwangu. Atakayeuliza aulize, nitamjibu mimi mwenyewe. Jumatatu utaondoka na Nice.

Masharti ni haya. Asisahau Kimeru. Hedwiga asimfundishe kusema huku ni kijijini. Aje kwetu kila mwisho wa mwezi, na Anjela.

Ndeshi amenieleza kwamba akija asinywe ya hapa, aje na ya kwake kwenye chupa. Mtoto wangu aingie nyumbani kwangu na maji yake, kama mtu anayeogopa mwenyeji. Hilo nimeshindwa kulimeza, lakini nimelikubali. Ila chupa akifika anipe mimi. Mimi ndiye nitakayeifungua, mimi nitammiminia kikombeni, na mimi nitamshikia anywe.

Mdogo wako,
Yoeli